Hedimasta wa Darajani

Jumamosi, Uriri. Mawingu tangu asubuhi. Mvua imekataa kunyesha na imekataa kuondoka, na mimi nimeamka na kifua kizito hivyohivyo.

Leo ni Sabato na boma limetulia. Mama ameenda kanisani, kaka yangu Ouma amempeleka kwa pikipiki. Mafundi wa ujenzi nao ni wa Sabato, kwa hivyo nyundo zimenyamaza. Nimebaki mimi na Baba, na kuku wanaozungukazunguka barazani. Baba amelala sasa hivi. Nisipoandika haya kabla watu hawajarudi, nitalipuka.

Wacha nianze na mchezo wa simu, maana ya leo yote yamepitia hapo.

Tangu nichukue likizo kazini Homa Bay nije kumuuguza Baba, nimekuwa nikicheza mchezo mmoja wa vita. Si ule wa kufyatua risasi ovyo. Huu ni wa zamu: una jeshi dogo, unasogeza askari mmojammoja kwenye uwanja wa miraba kama kete za drafti, kisha adui naye anasogeza wake. Katikati ya vita kuna hadithi. Mwana wa mfalme amefukuzwa kwao, kuna joka, kuna kiti kilichoibiwa. Na kuna mzee. Michezo hii lazima iwe na mzee. Ana ndevu nyeupe na fimbo, anajua kila kitu, na ukimuuliza swali la maana anakwambia wakati ukifika utajua.

Baba alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, Kiswahili na Kiingereza. Hapa Uriri hadi Awendo bado anaitwa Mwalimu, hata na watu wenye mvi. Mwanzoni aliuliza tu ninabonyeza nini pale mchana kutwa. Baada ya siku chache akawa haniruhusu nicheze peke yangu. Maandishi ya simu ni madogo, macho yake hayayafikii tena, kwa hivyo mimi namsomea na yeye anaongoza vita akiwa kitandani. "Weka wapiga mishale nyuma ya mto, nyara," ananiambia. Nyara ni binti yangu, kwa Dholuo. Ameniita hivyo tangu nizaliwe.

Yule mzee wa ndevu amempa jina Hedimasta. Mwana wa mfalme ni Kiranja.

Na jamani, Hedimasta amemsumbua Baba! Kila tukipiga kambi, Kiranja anauliza nani alimsaliti baba yake, na Hedimasta anaangalia moto na kusema si leo. Baba hupandwa na hasira kabisa. "Anajua yote kisha hasemi. Mwalimu gani huyo? Ningekuwa mkaguzi ningemwandikia barua."

Mimi nilishawahi kuumaliza mchezo huu mwaka jana, kwa hivyo nilijua kinachokuja. Kuna sura ya daraja. Unapigana pale darajani, na hata ukishinda, hata ukimaliza maadui wote na Hedimasta hana mchubuko, hadithi inakuja na kumuua. Jeshi jipya linatokea kusikojulikana. Hedimasta anawaambia wote wakimbie, anabaki peke yake bila sababu, na anakufa akiwa hajasema lile jambo.

Ni uandishi wa ovyo, na nimewaza sana kwa nini wanaurudia kila mchezo. Nafikiri mwandishi anamfunga mzee mdomo kwa sababu akisema ukweli sura ya kwanza, mchezo unaisha mchana mmoja. Kisha anamuua kwa sababu hajui afanye naye nini tena. Tunaambiwa kule kunyamaza ni busara, lakini mimi naona ni njia tu ya kuivuta hadithi.

Basi nikawa namzungusha Baba. Nikamwambia jeshi letu bado dhaifu. Tukarudia vita vidogo vya msituni, tukapiga majambazi walewale tena na tena. Kila mara akiuliza tunaenda darajani lini, namwambia bado kidogo.

Nilikuwa naogopa kumsomea mzee akifa.

Daktari kule Homa Bay alituita mimi na Ouma kando. Alisema wazi, bila kuzunguka: ni ini, ugonjwa umeshasambaa, hakuna upasuaji. Mpelekeni nyumbani, mpeni dawa za maumivu, kaeni naye. Akasema yuko tayari kumwambia mgonjwa mwenyewe. Ouma akasema hapana, tutamwambia sisi.

Hatukumwambia. Tulikaa nyuma ya jikoni, mimi, Mama, Ouma na Baba Mdogo, ambaye ni ndugu yake Baba anayemfuata. Ikaamuliwa kwamba Baba ana vidonda vya tumbo. Mama alisema, "Mkimwambia mtamuua kabla ya siku yake." Alikuwa amekunja leso yake mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Simlaumu. Nilitikisa kichwa kukubali kama wengine.

Na pale pale likaamuliwa la simba.

Kwetu, simba ni nyumba ya mtoto wa kiume ndani ya boma la babake. Ouma ndiye kifungua mimba, ana mke na watoto Nakuru, lakini hajawahi kujenga hapa. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Sasa Baba akienda kabla Ouma hajawa na nyumba yake, itakuwa shida kubwa: atalala wapi wakati wa matanga, atawapokea wapi wakwe zake, na wadogo wake watajenga vipi kama mkubwa hajajenga? Wazee wangeongea mpaka tukome. Kwa hivyo mabati yakaletwa upesi, mafundi wakaja, nyundo zikaanza.

Baba ndiye anayepaswa kumwonyesha mtoto mahali pa kujenga. Anatoka mwenyewe, anasimama pale, anaonyesha kwa mkono wake. Lakini tungemwombaje bila kumwambia haraka yote ni ya nini? Basi Baba Mdogo akaonyesha badala yake. Na Baba alipouliza ni kelele za nini, Ouma akamwambia ni stoo ya mahindi.

Stoo ya mahindi. Hatua chache tu kutoka dirishani kwake.

Leo baada ya uji Baba amekaa wima, nimemwekea mito mgongoni, akasema hivi: "Leo tunavuka daraja. Sitaki majambazi."

Sikuwa na pa kujificha. Tukapigana. Tulipigana vizuri sana, Baba alikuwa makini kuliko siku zote, na hatukupoteza askari hata mmoja. Hedimasta alibaki mzima kabisa. Kisha hadithi ikaanza kujiendesha yenyewe, lile jeshi jipya likatokea, na mimi nikaanza kusoma maneno ambayo hayakuwa kwenye simu. Nikasema Hedimasta ameruka mtoni. Nikasema amepata mtumbwi. Nikaongeza na mvuvi wa kumwokoa.

"Umebuni," Baba akasema.

Nikakana.

"Nyara. Nimesahihisha insha maisha yangu yote. Mtoto akibuni mwisho ninamjua." Akageuza uso dirishani. "Na hiyo stoo. Stoo gani ina madirisha mawili?"

Nikatazama mabati kule nje.

"Na Ouma amekuwa mkulima lini? Huyo mahindi anayajua yakiwa ugali."

Nilicheka. Aki ya Mungu nilicheka, na kabla sijamaliza kucheka nikawa nalia, pua na macho pamoja, simu imeanguka mapajani. Baba alinisubiri. Hakunibembeleza. Ndivyo alivyokuwa hata darasani, mtoto akilia anamwacha amalize.

Alijua tangu bati la kwanza liliposhushwa. Sisi wote tulikuwa tukinong'ona jikoni, tukibadilisha mazungumzo tukiingia chumbani kwake, na huku tunampigia misumari ya habari masikioni mchana kutwa. Mtu wa hapa angekosa kuelewa vipi? Mwenye boma mgonjwa, mtoto wa kwanza anajenga kwa haraka. Hata kuku walielewa.

Akasema, "Niambie alichosema daktari. Chote. Usinisomee vipande."

Nikamwambia. Neno ini lilikuwa gumu kutoka. Nikamwambia ugonjwa umesambaa, hawapasui, dawa ni za maumivu tu. Nikamwambia daktari alizungumzia miezi, na si mingi. Nilikuwa nimeshika mguu wake kupitia blanketi na sikuweza kumwangalia usoni.

Kisha akasema ameelewa sasa kwa nini kila mtu amekuwa mpole, hata Ouma anamletea chai. Nikafikiri yameisha. Hayakuisha. Alikasirika, na nilikuwa sijamwona hivyo tangu augue. Hakukasirikia ugonjwa.

"Kumwonyesha mtoto wangu mahali pa kujenga ni kazi yangu," alisema. "Nimeingoja miaka yote hii. Nimebakiwa na kazi moja, na mmempa mtu mwingine nikiwa hai, ninasikia."

Hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Tulidhani tunamkinga na maumivu, kumbe tumemnyang'anya kitu.

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, kisha akaonyesha simu kwa kidevu. "Hebu soma sasa. Kama ilivyoandikwa."

Nikasoma. Hedimasta amesimama darajani peke yake. Hedimasta amechomwa mkuki. Kiranja amerudi mbio, amempakata. Hedimasta anafungua macho, anasema, "Kijana wangu, baba yako hakuwa..." Kisha kichwa kinaanguka, na muziki wa huzuni unaanza.

"Hakuwa nini?" Baba akauliza.

"Haisemi, Baba."

"Haisemi?"

"Haisemi."

Yawa, angemwona mwandishi wa ule mchezo angemchapa. "Wametembea pamoja milima yote ile. Wamelala kambini, wamekunywa supu. Nafasi zote hizo hakusema, anangoja mpaka amechomwa mkuki! Insha hii ningeipa alama kumi na moja kwa arobaini. Na hiyo moja ni ya hati nzuri." Akakohoa, nikampa maji. Alipomaliza kunywa hakunirudishia kikombe, alikishika tu kwa mikono miwili.

"Mimi sitaki kufa katikati ya sentensi," akasema.

Kisha akaanza kuzungumza. Sitaandika yote hapa, mengine ni yangu. Aliniambia nisiache kazi yangu Homa Bay nikafikiri lazima nirudi kukaa na Mama, kwa sababu Mama ni msichana wa Takawiri na watu wa kisiwani wanajua kuishi wakizungukwa na upweke kuliko mimi. Aliniambia mpaka wa shamba uko kwenye mti gani, na jirani akisema vingine nisigombane, nimwite mkewe, yeye ndiye mkweli.

Halafu akaniambia anaogopa.

Si kufa, alisema, hayo amemwachia Mungu. Anaogopa maumivu yanapokuja sisi tukiwa tumelala. Anakaza meno kwa sababu anatuona tumechoka, na anakaa pale anahesabu mabati ya dari. Alisema hivyo akiangalia kikombe. Baba yangu, Mwalimu, ambaye nusu ya lokesheni hii ilimwogopa.

Katika mchezo ule wote, kambi zote zile, Hedimasta hakuwahi kusema anaogopa. Pengine angesema, ningemlilia kwa haki. Na nimekuwa nikimcheka kwa kujua na kutosema, kumbe mwezi huu wote mwenye kujua na kutosema nilikuwa mimi. Nilikuwa na busara ya ndevu za kubandika.

Tumekubaliana kwamba nitalala chumbani kwake, godoro chini, na akiumwa ataniamsha. Ameapa ataniamsha. Nimempa dawa, sasa amelala, na uso wake umelegea kuliko nilivyouona kwa siku nyingi.

Kabla ya kulala ameniagiza nitoe suruali yake ya kijivu na viatu, nivipanguse. Kesho mafundi wakirudi anataka kutoka. Anataka Ouma amshike upande mmoja na Baba Mdogo upande wa pili, wamfikishe kwenye ile stoo yenye madirisha mawili, asimame pale aonyeshe kwa mkono wake, hata kama kuta zimeshapanda. Nikamuuliza, je, akiona Baba Mdogo alionyesha vibaya? Akasema, "Basi watabomoa. Si mna haraka, mtajenga haraka."

Sijui kama alikuwa anatania.

Naogopa jioni hii. Naogopa uso wa Mama. Ataniuliza kwa nini nimesema, na nitamjibu nini, kwamba nimefundishwa na mchezo wa simu? Atafikiri nimeharibika akili. Nitamwambia tu kwamba Baba anajua, alijua kabla yetu, na kwamba amekuwa peke yake humo ndani na habari zake mwenyewe. Wakishajua wote, ndipo nitaweka maandishi haya hapa mtandaoni.

Nasikia pikipiki ya Ouma inapanda njia. Geti linafunguliwa, Mama anaimba wimbo wa kanisani, na sauti yake inashuka anavyokaribia dirisha la Baba, asimwamshe.

Naenda kumwambia sasa hivi, kabla hajavua viatu.