Namba Moja, Watu Wawili

Okello,

Kwanza nikuambie nina hasira na wewe. Najua hivi sivyo mtu huanza kumwandikia marehemu, lakini unanijua, tangu lini mimi Mwende nikaanza na salamu? Ulikufa bila kuniambia kwamba ulikuwa umeacha dawa. Nikikuuliza kuhusu kikohozi, ulisema ni vumbi la Laini Saba, ati hao wa jua kali wanakata mabati nje ya mlango wako kutwa nzima. Nikakuamini. Mjinga ni nani kati yetu, sijui.

Tulikuzika nyumbani kwenu Siaya, kando ya baba yako. Mvua ilinyesha, gari likakwama, tukalisukuma na nguo zetu za matanga. Hayo unaweza kukisia. Ninalotaka kukuambia ni lile nililolijua baadaye, na ambalo nimelibeba kama mwoga.

Kikapu bado kinafanya kazi. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mama yako anakula. Ile laibrari yako ya JavaScript, msimbo wa kutengenezea orodha za kwenye simu, ndogo hivyo, inafunguka kwa simu yoyote yenye kioo kilichopasuka na bando ya kuungaunga. Zile nzito za ng'ambo ulikuwa ukizicheka, ukisema ni kubeba kabati kwenda kununua sukuma wiki. Kwako mambo yalikuwa machache: kila mtu ni rekodi moja, rekodi zinaingia kikapuni, na ukigusa rekodi, kila skrini inayoionyesha inabadilika yenyewe. Basi. Mtu akikuomba uongeze kitu, ulikuwa unamwangalia kama amekutukania mama.

Unakumbuka ile saiba ya Riruta? Kompyuta ya pembeni, herufi A imeng'oka, tunabonyeza kale kampira ka ndani kwa ncha ya biro. Hapo ndipo ulinifundisha, Jumatano mchana baada ya mimi kutoka salon, na hukuwahi kuniambia kwamba ni ngumu. Ulisema tu, "Soma tena polepole." Hata nilipokuwa nimekasirika, nimefunga mkoba niende zangu. Soma tena polepole. Aki, ulinichosha.

Hapo hapo ndipo tuliteta juu ya kitambulisho. Kikapu lazima kijue rekodi ni ya nani, isije ikachanganywa na nyingine. Majina hayatoshi, Kabiro peke yake ina akina Wanjiku wangapi? Wewe ulitaka kila rekodi ipewe namba yake yenyewe, itungwe na Kikapu. Mimi nikasema hiyo ni mistari mingi ya bure, tutumie namba ya simu. Ukaniuliza, "Na mwenye hana simu?" Nikakujibu, "Nani hana simu Nairobi hii?" Ulicheka, ukanisukumia kibodi. Ule mstari niliuandika mimi. Niliona raha siku hiyo, kwa sababu nilikuwa nimekushinda mara ya kwanza.

Nani hana simu! Mimi niliyekulia Kitui, ambako boma letu zima lilikuwa na simu moja, ya baba, na shuleni, hospitalini, kanisani, sote tulitoa namba hiyo. Nilijua, Okello. Nilikuwa nimesahau tu kwa sababu sasa nina simu yangu.

Halafu ile zahanati ikatupa kazi. Walitaka orodha ya wagonjwa wao, wa TB, wa presha, wajawazito, wote, ili jina la aliyepitisha siku yake ligeuke jekundu kwa simu za wahudumu wa afya, wamfuate nyumbani. Hakuna kitu kimewahi kukufurahisha hivyo. Na ulipopimwa ukapatikana na TB mwenyewe, ulifanya mzaha, ukasema sasa utaijaribu kazi yako kutoka ndani. Nekesa akawa mhudumu wako. Alikuja kila wiki na begi lake la buluu, akakusimamia mpaka umeze, na ukimletea maneno mengi alikaa chini akasubiri uishiwe. Ulimlalamikia kwangu, lakini ulimpenda, na dawa ulimeza.

Kisha Nekesa akaacha kuja. Nilikuuliza, ukasema labda umepona. Hayo maneno yananirudia nikiwa nimeshika mswaki, nikiwa nimesimama kwa foleni ya maji. Ulisema, "Ningekuwa na hali mbaya, jina langu lingekuwa jekundu kwa simu ya Nekesa." Uliiamini orodha kuliko mapafu yako. Ulijisikia nafuu, ukaacha vidonge, na ugonjwa ulipokurudia ulikuwa hauchezi tena.

Mama yako alimlaumu Nekesa. Alimlaumu matangani, mbele ya watu wote wa ploti, na Jumapili iliyofuata akamlaumu kanisani. Kwamba alimruka mtoto wake. Kwamba alikuwa anapita mlango huo huo kwenda kwa wengine. Watu wakaanza kumfungia Nekesa milango, mama mmoja akamwambia asiguse mtoto wake. Akarudisha begi zahanati.

Halafu akanitafuta hapa Kabiro. Alikuja na simu yake, hakunywa hata chai niliyomwekea, akaniomba nimwangalizie kama ni yeye aliyekosea. Alisema hajalala vizuri tangu mazishi, anahesabu milango aliyobisha, anajiuliza kama aliuona mlango wako akapita. Nikatafuta namba yako ya simu kwenye orodha. Ikatokea rekodi moja. Ya mama yako. Presha.

Ulikuwa humo zamani, niliona kwenye nakala za nyuma, jina lako na siku zako zote za dawa. Kisha siku moja mama yako akaenda kupimwa presha pale kambi ya zahanati, kando ya reli, na kwa vile hana simu akatoa namba ya mtoto wake, kama mama yeyote. Simu ya mhudumu aliyemwandikisha ilipopata mtandao, Kikapu kikaona rekodi mbili zenye namba moja. Kikafanya nilichokifundisha: huyu ni mtu yule yule, shika habari mpya, tupa za zamani. Wewe ukatupwa. Hakuna kengele iliyolia, na jina likitoka kwenye orodha mhudumu hudhani mtu amemaliza dawa.

Nilijua hapo hapo, Okello. Na unajua nilimwambia nini Nekesa? Nilimwambia nitaangalia vizuri, nitampigia. Akanishukuru. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Sikumpigia wiki mbili. Nilijipa sababu zangu. Kwamba nikisema, mama yako atajua ni yeye aliyetoa namba. Kwamba atakufa kwa hiyo habari. Yote hayo ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa naogopa kuitwa muuaji. Afadhali wamwite Nekesa. Ndiyo, niliwaza hivyo, na nimekuandikia hapa ili mtu mmoja ajue.

Kilichonitoa ni orodha yenyewe. Nilifungua nakala zote za nyuma, nikasoma tena polepole, na nikaona si wewe peke yako. Kuna mke na mume wa Laini Saba wanaotumia laini moja. Kuna nyanya na wajukuu. Kuna dada wawili, mmoja mjamzito, mwingine wa TB, na wa TB hayumo. Watu walio hai, wanangoja mlango ubishwe. Nikampigia Nekesa nikamwambia kila kitu. Akasema, "Leta hayo majina." Hakusema lingine, na alikata simu.

Tuliwatafuta pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Wengi tuliwapata. Yule dada wa TB tulimkuta ndani, ameketi sakafuni, na alipoona Nekesa alianza kulia akisema alifikiri tumemchoka. Ameanza dawa upya. Mzee mmoja majirani walisema alisafirishwa kwao akiwa hawezi kutembea, na namba yake haipatikani. Kikapu nimekirekebisha, kila rekodi sasa ina kitambulisho chake, kama ulivyotaka. Kimekuwa kizito kidogo, utanisamehe. Na pale tunapowaeleza wanaokitumia mabadiliko, nimeandika kwamba kosa lilikuwa langu na kwamba mtu amekufa. Jina lako sikuandika.

Akabaki mama yako.

Nilienda Jumamosi asubuhi. Nilimkuta nje ya mlango, anapima omena kwa gorogoro, akanipa stuli. Nikamwambia Nekesa hakukuruka, Nekesa hakuwa na jina lako, jina lilitolewa na mstari nilioandika mimi. Nilitaka niishie hapo. Lakini mama yako unamjua. Aliuliza, "Lilitolewa likawekwa la nani?" Nikaanza kuokota omena zilizoanguka chini. Akauliza tena.

"Lako, Mama."

Aliendelea kupima omena. Alijaza gorogoro, akaimwaga, akajaza tena. Baadaye akaniambia, bila kuniangalia, kwamba yule msichana wa mezani pale kambini alipomuuliza namba ya simu, aliitaja kwa sauti ya juu makusudi, hata wa nyuma kwa foleni wasikie. Alimwambia, "Andika ya kijana yangu. Ni yeye alitengeneza hiyo kitu mnatumia."

Nililia hapo mbele ya wateja wake. Yeye hakulia. Aliniambia nitoe jina lake nirudishe lako. Nikamweleza kwamba sasa yote mawili yanaweza kukaa. Akasema hapana, lake litoke. Nilimwambia siwezi, presha yake iko juu, na wewe hungenisamehe. Tulikaa hivyo mpaka jua likafika kwenye sinia zake, akanituma nimsaidie kuzisogeza kivulini.

Jumapili alimwendea Nekesa nje ya kanisa akamshika mkono mbele ya watu. Nekesa amechukua begi lake. Mimi ananisemesha ya kazi tu, na ni haki yake.

Mama yako sijui kama atanisamehe, sijamwomba. Lakini wiki jana alikubali nimpeleke zahanati. Walipomuuliza namba, alitaja yako. Hana nyingine kichwani. Yule msichana akaniangalia mimi, nikamwambia aandike hiyo hiyo.

Kwa hivyo lala, Okello. Laini yako nimeiomba kwa mama yako, iko ndani ya simu yangu, haitafungwa nikiwa hai. Siku yake ya dawa ikipita watapiga namba hiyo, na nitashika mimi, na nitaenda kumbishia mlango.

Mwende