Uji wa Kabla ya Mizani

Uingereza,
Jumanne

Mwikali mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mama na goti lake hajambo? Mimi ni mzima. Baridi imeanza kunitafuta mifupani, lakini nguo nzito ninazo na kazi inaendelea. Baba simuulizi hali. Hali yake nimeiona kwa macho yangu, na ndiyo iliyonikalisha hapa nikuandikie nikiwa na hasira hivi, kwa hiyo nivumilie mpaka mwisho. Barua hii nampa Mbithe, yule nesi wa Masinga ninayefanya kazi naye, anasafiri kesho kuja nyumbani. Sitaki ikae posta, na haya si ya kukwambia kwenye simu ya dukani watu wakisikiliza.

Nimepata picha ya ile sherehe ya shukrani. Mmependeza. Mchungaji amependeza, na mbuzi naona alikuwa wa maana. Nyuma ya picha umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Baba amenenepa, Mungu ni mwema." Mwikali! Mungu ni mwema kweli, lakini ule si unene. Ni maji!

Ngoja nikueleze, kisha umsomee Mama polepole kwa Kikamba, na usiruke mahali. Figo za Baba hazifanyi kazi tena. Chochote anachokunywa hakina pa kutokea. Uji, chai, supu, maji ya kumezea dawa, vyote vinabaki mwilini mpaka siku ya kwenda Nairobi kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo akipanda mizani ikaonekana uzito umeongezeka tangu safari iliyopita, hajarudisha mwili. Amejaa maji tu, na moyo ndio unaosukumana nayo usiku na mchana.

Na wewe, katika barua yako ya mwisho, unaniambia kama habari njema kwamba siku ya safari Mama huamka mapema kumpikia Baba uji wa wimbi, anamjazia kile kikombe kikubwa cha bati, akimaliza anamwongeza chai, "ili mizani ipande na madaktari wafurahi." Nilicheka. Kisha nikataka kulia. Kisha nikagonga meza kwa nguvu mpaka mwenye nyumba wangu akaja kuuliza kama niko salama.

Najua Mama alikoitoa hiyo. Sote alitupeleka kliniki ya watoto tukaning'inizwa kwenye mizani, na uzito ukipanda nesi alimsifu mbele ya kina mama wenzake, na ambaye mtoto wake alishuka uzito aligombezwa. Mama hajawahi kugombezwa hata siku moja, na anapenda kutukumbusha. Sasa anampeleka mume wake kliniki kwa hesabu ileile. Na tena najua kile kipindi Baba alipokonda, jinsi watu wa soko la Mitaboni walivyonong'ona wakidhani ana ule ugonjwa, mpaka Mama akawa ananunua nyanya bila kuinua uso. Kwa hiyo mashavu yalipojaa alifurahi, akatangaza, akachinja. Simlaumu hata kidogo. Lakini uji uishe leo, Mwikali. Leo!

Ninayemlaumu ni ndugu yetu Mutua. Yeye ndiye anayempeleka Baba, yeye ndiye mwenye Kiingereza, sasa huwa anasikiliza nini kule? Manesi wanapiga kelele kila mara kuhusu huo uzito, nina hakika, kwa sababu hata mimi, nesi wa mashine hizohizo, hupiga kelele hapa. Mutua anamgeukia Baba na kumwambia, "Wanasema imepanda." Baba anatabasamu na kuwashukuru. Nilimpigia simu juzi nikamuuliza.

"Si daktari alisema Baba apigwe picha ya moyo?"

"Alisema. Lakini Ndinda, sisi tuko na shida ya figo. Moyo wa huyu mzee hauna maneno. Si unajua alivunja mawe Lukenya miaka yote hiyo?"

"Nani amekuuliza habari ya mawe?"

"Na wewe pia wacha kumtabiria mzee wa watu mabaya. Hata Mama, mwaitu wetu, hataki hiyo story."

Kumtabiria! Yaani nimekuwa mganga. Baba mwenyewe akiona mawingu meusi juu ya vilima vya Iveti anawaita nyote muanue mahindi, na hakuna anayemwambia anawaitia mvua. Mimi nikiona mawingu naambiwa ninyamaze.

Acha nikwambie kazi inayofanyika hapa. Daktari wetu ni mama wa Kihindi mwenye sauti ndogo, na shughuli yake kubwa ni kujua mapema ni mgonjwa gani wa mashine ambaye moyo wake utasumbua. Hangoji aanguke. Anasema wagonjwa hawa wakifa, mara nyingi si figo inayowaua, ni moyo. Basi anamchunguza kila mmoja: presha inakaaje, damu imepungua kiasi gani, ana sukari au hana, anakuja na maji mengi au machache, mishipa imeanza kukakamaa au bado. Halafu anampaka mafuta ya baridi kifuani, anapitisha kidude, na moyo unaonekana kwenye televisheni ndogo ukicheza. Moyo uliosukuma mzigo muda mrefu nyama yake huwa nene, hatimaye unachoka. Akiuona umeanza hivyo, anabadilisha dawa, anapunguza maji, anaongeza muda wa mashine. Wengine anawawahi. Hawawahi wote, na hasemi kwamba anajua yote. Lakini anaangalia, Mwikali, na sisi tumekataa kuangalia.

Ile picha yenu niliibeba kazini kwa kiburi, nimwonyeshe daktari watu wangu. Akasifu kofia za kina mama. Kisha akaweka kidole kwenye miguu ya Baba, akaniuliza, "Huyu yuko kwenye mashine?" Nikasema ni baba yangu. Hapo ndipo na mimi nilipotazama vizuri. Ninyi nyote mmesimama, yeye peke yake ameketi. Amevaa ndara, na vifundo vya miguu havionekani, miguu imejaa mpaka chini. Vile viatu nilivyomtumia, ambavyo mliniambia vimembana kwa sababu ni vya kizungu, vilikuwa saizi yake kabisa.

Daktari akaniuliza, "Analalaje?"

Nikakumbuka. Uliniandikia katikati ya habari za ng'ombe, kama jambo la kuchekesha, kwamba Baba siku hizi amehama kitanda, analala kwenye kile kiti cha sebuleni ameegemea mito, anasema kitandani kuna joto. Nilimwambia daktari. Akarudisha picha mkononi mwangu taratibu, akasema, "Apimwe moyo wiki hii. Usiwaache wangoje mwezi ujao."

Si joto, Mwikali. Akilala chali, maji yanamjaa mapafuni na pumzi inakata. Anakaa kwenye kile kiti akitafuta pumzi, na sisi tunamtania kwamba amekuwa mlinzi wa sebule.

Nimejaribu kuongea naye mwenyewe. Nilipiga kwa mwenye duka, wakamwita, nikamsikia anavyohema tu kwa kutoka nyumbani mpaka pale.

"Baba, unapumua vizuri?"

"Mwiitu wakwa, binti yangu, mimi niko sawa sana. Mvua imenyesha. Maharagwe imetoka. Wewe unakula?"

"Baba, nimekuuliza kuhusu pumzi."

"Haya, simu isikule pesa. Mungu akubariki." Akakata! Mimi ndiye ninayelipa, yeye ndiye anayeihurumia simu.

Sasa sikiliza, kwa sababu Mutua nimemwambia haya yote akajibu "sawa," na wewe unaijua "sawa" ya Mutua. Safari hii nenda wewe, Mutua abaki na ng'ombe. Tena msingoje siku yake ya mashine. Barua ikifika leo, kesho asubuhi muwe njiani, na akianza kuhema akiwa ameketi tu, tafuteni gari saa hiyohiyo. Mkifika, kabla hajavua koti, mwambie nesi: baba yangu hawezi tena kulala chali, na miguu imevimba. Sema kwa Kiswahili, watakuelewa vizuri tu. Kisha waambie tunataka ile picha ya moyo waliyoiomba, na msitoke Nairobi bila kuambiwa itapigwa lini na wapi. Wakuambie pia kwa siku anywe kiasi gani, na kiasi hicho Mama akipime yeye mwenyewe kwa kikombe kidogo. Mpe hiyo kazi rasmi, ataiweza kuliko sisi wote. Chumvi ipungue. Wageni wakija na supu kumwona mgonjwa, wainywe wenyewe. Na Mama umwambie hivi, kwa maneno yangu: katika kliniki hii, mizani ikikaa chini ndipo mama anasifiwa.

Ninaogopa, Mwikali. Hapa kulikuwa na mzee mmoja aliyezoea kunitania kwamba nitamtafutia mke wa Kikamba. Kila safari alikuja amejaa maji, nikamgombeza, akacheka. Mimi ndiye niliyemfunika shuka usoni. Sitaki kumfunika Baba kwa simu.

Haya, hasira imepungua kidogo. Msalimie Mama, umwambie bado yeye ndiye bingwa wa kliniki. Msalimie shangazi aliyemtoa yule mbuzi, na shemeji, baba wa watoto wako, nimemwona kwenye picha akimtazama mbuzi kuliko mchungaji. Mutua naye msalimie, ni ndugu yangu, nitafanya nini? Baba mwambie nampenda, na kwamba nitapiga tena Jumapili baada ya kanisa, na safari hii asikate.

Jambo la mwisho. Mtakapotaka kunitumia picha nyingine, sitaki ya sherehe. Nitumieni ya Baba akiwa amerudi kitandani mwake, amelala chali bila kuhema, na mto mmoja tu. Najua Mama atasema ni mkosi kumpiga mtu picha amelala hivyo, kama maiti. Mpigeni. Hiyo ndiyo nitakayoipeleka kazini.

Ni mimi dada yako,
Ndinda