Dada, Usifunge Tena Jumatano

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wanangu wote wawili. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba shemeji bado anakoroma kwa afya njema. Mimi mwili ni mzima. Mama naye hajambo. Lile jicho lililopasuliwa linaona vizuri mno, sasa anaona hata vumbi lililo juu ya kabati langu, wala hanyamazi. Anakusalimu, na anauliza kwa nini siku hizi barua zako zimekuwa fupi.

Barua yako ya mwisho niliisoma ofisini nikiwa nimesimama, kabla hata sijashusha mkoba begani. Uliniambia kwamba bado unafunga kila Jumatano kwa ajili ya ulimi wako, na kwamba zahanati nzima imeshazoea: siku hiyo muuguzi wa chumba cha sindano hagusi chai. Ukaniomba nikuombee ili Mungu akusamehe. Tangu hapo nimeianza barua hii mara saba nikaichana. Hii ya nane nitaimaliza, hata mkono ukikataa.

Nikueleze kwa utaratibu, maana mengine uliyasikia kwa watu na mengine hukuyasikia kabisa.

Wewe ndiye uliyemtuma kwetu yule mshonaji tunayemwita Fundi. Uliniandikia kwamba watu wa ukoo wa mumewe walimpa achague, amwache Kristo au aache nyumba, naye alipokataa kumwacha Kristo wakampiga kwa nondo, akatoka na binti yake kupitia dirishani. Ulimshona kichwa, ukamkatia tiketi ya basi, ukampa anwani yangu. Unajua kikundi chetu cha akina mama, cha Alhamisi mchana, katika kile chumba cha nyuma ya kanisa. Kwa miaka minne tulikuwa tukiwaandikia barua wanawake waliofungwa au kufukuzwa kwa ajili ya imani, watu wa mbali ambao hata majina yao tuliyatamka vibaya. Sasa mmoja wao alikuwa ameketi kwenye benchi letu, anakunywa maji. Tulimtazama kama watoto wanaomtazama mgeni, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Tulimpatia chumba kando ya kinu cha unga, na mwenyekiti wetu akamwazima cherehani. Akaanza kushona sare za shule. Binti akaingia darasa la kwanza. Kila Alhamisi alikuja kusali nasi, na sala zake zilikuwa fupi kama orodha ya sokoni: Baba, asante kwa uzi, Baba, mlinde mtoto, amina. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa sala za kikundi, mwenye sala za aya tano zenye vina. Niliona haya kidogo. Kisha nikajisamehe upesi.

Baadaye mwenyekiti akaniomba niandike habari za Fundi kwenye jarida la kanisa, ili makanisa mengine nayo yamwombee. Fundi alikubali kwa masharti, tukiwa sisi wawili tu chumbani mwake. Nisitaje jina lake. Nisiseme kwamba anashona kwa mkono wa kushoto. Na habari ya kinu isiwemo kabisa. Nilimwahidi. Tukashikana mikono tukaisalia ile ahadi.

Niliandika kwenye ile kompyuta ya ofisi ambayo herufi ya m imekwama, kila "mama" anatoka "aa", ikabidi nirudi nyuma kumrudishia kila mama herufi zake. Habari ilipotoka, mchungaji alisoma aya nzima madhabahuni. Makanisa matatu yaliandika kuulizia mwandishi ni nani. Walinivika kilemba cha ukoka, dada, nami nikakivaa nikajitazama kwenye kioo. Fundi mwenyewe hakuisoma. Alisema hataki kujiona kwenye karatasi.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, ndugu wawili wa mumewe walifika. Kinu kilikuwa kinasaga kwa nguvu, hakuna jirani aliyesikia kitu. Waliivunja cherehani, wakamvunja Fundi mbavu mbili. Halafu wakaenda shuleni wakamwambia mwalimu kwamba wao ni baba zake wadogo, jambo ambalo ni kweli, wakaondoka na mtoto akiwa bado ameshika penseli.

Yaliyofuata unayajua, kwa kuwa yalikuangukia wewe. Sote tuliuliza nani amesema. Nawe, kwa huo moyo wako usiojua kujificha, ukapiga simu ukilia, ukasema huenda ni wewe. Kwamba ulimwambia mgonjwa mmoja, yule fundi wetu siku hizi anashona sare, Mungu ni mwema, na ndipo ukaja kugundua kwamba mgonjwa yule ameolewa kwenye ukoo uleule. Akina mama walilidaka neno lako kama watu wenye njaa. Wakaacha kukutumia barua za kikundi. Waliponigeukia mimi kama mdogo wako, nilisema kwamba huna nia mbaya, ni ulimi tu, ulimi hauna mfupa. Nilikutetea kwa namna ya kukuzika.

Dada, si wewe. Ni mimi.

Habari niliyoiandika kwanza ilikuwa safi, haikuvunja sharti hata moja. Lakini niliiona imepooza. Asubuhi ya kuipeleka kwa mchapaji nikaongeza sentensi moja: "Kwa mkono wake wa kushoto anasukuma kitambaa chini ya sindano, na kinu cha jirani kinaposaga nafaka, yeye anaisaga huzuni yake iwe sala." Niliisoma kwa sauti mara mbili peke yangu. Niliipenda. Nikajiambia watu wale hawasomi majarida ya kanisa. Hapa kwetu hakuna aliyeshtuka, kwani kila mtu alimjua Fundi na mkono wake, na masharti niliyajua mimi tu.

Wala usiseme huenda ni mambo mawili yalikutana. Siku ile niliingia chumbani mwake kabla ya mwenyekiti. Wakati wanawake wengine wakimwinua Fundi uani, niliona juu ya meza ya kukatia vitambaa ukurasa wa jarida letu, umekunjwa mara nne, umelowa jasho la mfuko wa shati. Sentensi yangu ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu ya buluu. Niliutia kwenye mkoba. Umekaa ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi, miezi mitano, nami miezi hiyo mitano sikufungua Zaburi. Nimeuweka humu ndani ya bahasha uuone kwa macho yako.

Nimeshamwambia Fundi. Siku hizi anaishi kwa seremala na mkewe, mtaa mwingine, na mtoto anamwona Jumamosi kwa saa moja katika ofisi ya ustawi wa jamii, baba mdogo akiwa amekaa mlangoni. Kesi inaendelea. Nilimkuta ameinama juu ya kitambaa, ana pini nne mdomoni. Nilisema yote. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola yake, ndipo akauliza kwa nini niliandika. Nilimwambia kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri. Randa ya seremala ilikuwa ikikwaruza chumba cha pili.

"Kwa hiyo mwanangu ameondoka kwa sababu ya sentensi nzuri," akasema.

Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, nakanyaga kitambaa cha watu. Kisha akasema, "Nikikwambia leo nimekusamehe nitakuwa nadanganya, na uongo umetutosha sisi wawili. Lakini dada yako anafunga kwa dhambi isiyo yake. Anzia huko." Halafu akanipa ncha ya kitambaa niishike ili akate. Nilishika hadi akamaliza.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nikiwaandikia wanawake wa gerezani kuhusu uvumilivu, kwa mwandiko mzuri, na wewe dada yangu wa damu ulikuwa umebeba mzigo wangu kichwani huku ukiniomba nikuombee. Usifunge tena Jumatano. Kunywa chai yako. Kama lazima mtu afunge, nitafunga mimi, ingawa najua funga haimrudishi mtoto.

Sala za aya tano zimekwisha. Nikipiga magoti nasema, Baba, nimemuumiza, nimemsingizia, kisha sina kingine. Nilidhani hapo ndipo imani inapokufa. Ajabu ni kwamba sijawahi kuwa na hakika kama sasa kwamba kuna anayesikia, na ndiyo maana naogopa.

Alhamisi hii nitawasomea akina mama nakala ya barua hii, yote, pamoja na jina langu. Mwenyekiti ameniambia niketi chini kwanza ninywe maji, nikamwambia nitasoma nikiwa nimesimama. Mchungaji nimemwomba jarida linalofuata liseme wazi kwamba wewe hukumsaliti mtu. Nafasi ya mwandishi nimeiacha. Barua za wafungwa nitaendelea kuandika kama kikundi kitakubali, ila kwanza Fundi azisome.

Usijilazimishe kunijibu. Ukitaka kukasirika, kasirika, nimekudai muda mrefu uwe mpole na sina haki hiyo tena. Mwambie shemeji ukweli wote, maana najua naye alikulaumu. Wabusu watoto. Mama sijamwambia, nitamwambia leo jioni akimaliza kula, kabla hajasikia kwa jirani. Nitampa na salamu zako, zile ndefu ulizokuwa ukimwandikia zamani.

Mungu akutunze, dada. Mimi niliyekukosea,

Mdogo wako