Mtoto Chini ya Joho la Bluu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mariana Amedeus
Umri: Miaka 63
Kabila: Mkonongo
Dini: Mkristo, RC
Kazi: Mkulima, pia mtunza sakristia wa kigango cha Mtakatifu Ana
Makazi: Nje kidogo ya Inyonga, Wilaya ya Mlele. Naishi mwenyewe.
Tarehe: 19/08/2024, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu jana mmemkamata Melkior, mlinzi wa kanisa letu, kwamba ameharibu picha ya Mtakatifu Ana. Melkior hajaigusa. Ana watoto watano wanaomsubiri, na nyie mmemlaza sakafuni. Andika hivyo hivyo, afande, usinilainishie maneno.

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1996 na marehemu mume wangu, Ponsian, kwenye ubao wa mninga. Mtakatifu Ana amesimama, amevaa joho la bluu, mkono mmoja ameushusha kama anayemshika mtu, lakini chini ya mkono hakuna mtu. Tulishazoea. Kila mwaka warina asali kabla hawajaingia porini huipaka nta kuomba baraka, mpaka ikawa ya njano na sura haionekani vizuri.

Mnamo tarehe 13/08/2024 alikuja dada mmoja kutoka Dar es Salaam aitwaye Aneth, fundi wa kuhifadhi picha za zamani. Kamati ya kigango ilimwita aitoe hiyo nta. Siku ya kwanza hakuitoa hata kidogo. Alipiga picha tu, mbele, nyuma, karibu, mbali, kila mara anaweka rula na kikadi cha rangi pembeni. Nikamwuliza, "Mwanangu, umekuja kusafisha au kufungua studio?" Akacheka. Akasema, "Mama, nikikosea kesho, lazima ijulikane leo nilikuta nini."

Tarehe 14/08/2024 mchana tuliziba madirisha kwa magunia. Aliwasha taa ya zambarau, nta yote ikang'aa kama maziwa. Akaizima. Halafu akaweka taa ya kawaida ubavuni mwa ubao, chini kabisa, mwanga ukawa unatambaa juu ya rangi, kila alama ya brashi ikainuka kama tuta la mahindi jioni. Ndipo kwenye lile joho la bluu, chini ya ule mkono, nikaona mtoto. Hakuwa na rangi, ni matuta tu. Gauni la mikono ya puto. Nywele za vifundo vitatu. Kichwa kimelalia bega la kushoto.

Gauni hilo nililishona mimi. Huyo ni Katarina, mtoto wetu wa pekee, aliyefariki kwa malaria mwaka huo huo wa 1996 akiwa na miaka saba. Ponsian alimchora, kisha akamfunika, na hakuniambia mpaka naye akafa. Sijui kama wazee wa kanisa walikataa, au yeye mwenyewe alishindwa kumtazama. Miaka yote nafagia pale chini yake na sijui kama yupo. Sina picha yake hata moja. Sura yake nimeanza kuisahau, na nyumbani sina wa kumwuliza.

Nilimwomba Aneth aitoe bluu. Alikataa. Alisema rangi zimeshikana, ukivuta moja unavuta zote. "Ngoja, mama, nikazisome kwanza hizi picha." Nikasema moyoni, mtoto wa mjini huyu. Mimi nimetoa nta ya mishumaa kwenye vitambaa vya altare kwa pasi na gazeti tangu yeye hajajua kutambaa, ataniambia nini?

Tarehe 16/08/2024 Aneth alikwenda Mpanda kununua pamba na dawa zake. Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa sakristia napiga pasi vitambaa vya misa. Melkior aliniachia funguo akaenda kisimani. Niliilaza picha mezani, nikatandika gazeti, nikapitisha pasi ya mkaa. Nta ilihamia kwenye gazeti vizuri kabisa. Nilifurahi, sikufichi. Nikabadilisha gazeti, nikakandamiza zaidi. Nilipolivuta, bluu ikaja nalo, na mtoto akaja nayo. Ulibaki ubao.

Nilimtafuta kwenye gazeti. Ni uchafu wa bluu na kahawia, huwezi kusema hapa ni jicho, hapa ni shavu. La kuvunda halina ubani. Gazeti hilo ninalo, nimelileta.

Niliirudisha picha ukutani, nikaifunika kitambaa. Jumapili mwenyekiti wa kigango, Gabrieli, alipofunua, watu walimgeukia Melkior kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo. Mimi nilikuwa benchi la mbele, nikanyamaza. Siogopi jela, afande. Nilijua nikianza kusema nitafika kwenye jina la Katarina, na sijalitamka mbele ya watu tangu tumzike. Jioni mke wa Melkior alipita kwangu kuniomba nimwombee mumewe kwa Mungu. Alinikuta nakula peke yangu. Ugali ulinishinda.

Jana hiyo hiyo Aneth, aliporudi kutoka Mpanda, amewaletea picha aliyoipiga kwa mwanga wa ubavuni, mmeitia kwenye bahasha iwe kielelezo. Mtoto wangu amebaki humo tu. Mtoeni Melkior, mimi nitakaa. Ila kesi ikiisha, hiyo picha msiitupe.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, sina cha kupunguza.

Sahihi: M. Amedeus

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Zuleha. Nimeyasimamisha hapo kwa kuwa shahidi amejitaja. Ataonywa na kuandikwa upya kama mtuhumiwa. Gazeti limepokelewa. Nilimpa kielelezo cha picha ili akitambue, akakitambua. Alikwenda nacho dirishani, akawa anakiinamisha huku na huku kwenye mwanga. Nilimweleza kwamba hiyo ni karatasi, haihitaji mwanga wa ubavuni. Akasema anajua. Alikirudisha saa 5:40.