Mtani Nambari Ishirini na Tatu

Jumatatu, 5 Juni
Hojaji zote arobaini ziko kwenye kompyuta. Kwa mujibu wake, kila mtu wa kijiji cha Nabukavula anakula kilo mbili za sukari kwa siku, na bibi mmoja ana miaka mia na sitini na ni mjamzito. Ndiyo tasnifu yangu ya uzamili, afya ya jamii. Rasimu inatakiwa Ijumaa saa kumi.

Kosa ni langu. Nabukavula ni watani wetu tangu enzi za mababu — sisi wa kisiwani, wao wa mtoni. Mtani hamwambii mtani ukweli. Nilijua, nikaenda kwa sababu wanapika vizuri. Tamaa mbele!

Jumanne, 6 Juni
Nimekiri kwa msimamizi wangu, Dokta Margriet. Mdachi, ana miezi minne hapa mjini Suva. Nikamweleza: watani tunatukanana, tunadanganyana, tunanyang'anyana vitu, na hakuna kununa. Akauliza kama kuna fomula ya kurekebisha. Hakuna.

Tukapitia hojaji moja moja, uongo tukiuweka pembeni. Nambari 23, Mzee Filimoni: alikanyaga msumari Jumapili, akaja kuugundua Jumatano, mkewe alipouliza ni nini kinachokwaruza sakafu. Nilipomhoji nyumba nzima iliangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikaandika pembeni: utani.

Margriet hakucheka. "Huyu mlimpeleka hospitali?"

Nilitaka kumwambia hajui mila zetu. Kisha nikakumbuka kurasa themanini nilizoandika kuhusu jinsi kisukari kinavyoua hisia za miguu. Muuguzi wa miaka tisa mimi! Mguu wenyewe ulikuwa mbele yangu, nikanywa chai.

Jumatano, 7 Juni
Nimepiga simu kwa Mzee Filimoni. Kapokea mkewe, Mama Sereima. Nikamwambia mzee apelekwe hospitali leo, akichelewa mguu utakatwa. Akacheka. Akaita watu, akaniomba nirudie. Nikarudia. Wakapiga makofi.

Nikalia. Wakasema hata kulia nimejifunza.

Alhamisi, 8 Juni
Nimemtafuta muuguzi wa zahanati yao. Yuko Suva, kwenye semina. Semina ya vidonda.

Kesho naenda mwenyewe. Rasimu na ibaki.

Ijumaa, 9 Juni — Nabukavula
Naandikia barazani kwa Filimoni. Nimefika saa nne. Mwavuli wangu ulichukuliwa kabla sijashuka kwenye mashua.

Mzee kakaa mkekani, mguu kaufunga kitambaa. Harufu niliikuta mlangoni. Nikafungua, nikamchoma kidole cha mguu kwa sindano. Akaendelea kusimulia mechi ya raga. Watu hoi kwa kicheko. Nikachoma tena, damu ikatoka. Yeye bado yuko kwenye mechi.

"Filimoni, acha kuigiza," mkewe akasema.

"Kuigiza nini?"

Kicheko kikaisha hapo hapo. Sereima akakaa chini, akashika kichwa.

Na mzee hataki kwenda! Kaka yake alikwenda hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja. Mchungaji kamsihi, wapi. Mkewe kalia, wapi. Saa mbili nzima. Nimeogopa, nisiseme uongo. Wekundu umeshapanda hadi kwenye muundi.

Mwisho nikasema, "Mtani, mimi nimekuja kuchukua kitu."

"Chukua. Kuku, mkeka, hata mke."

"Nautaka mguu huo. Kuanzia sasa ni wangu. Wewe mpagazi tu, nibebee hadi Suva."

 Mtani akidai kitu humnyimi, ni aibu ya ukoo mzima. Watu wote wakamtazama. Yeye akautazama mguu, muda mrefu. Akainuka, akaingia ndani. Sereima akamfuata na begi.

Mashua inaondoka saa tisa. Sasa ni saa nane na nusu. Injini wameshaiwasha.

Anauliza kutoka huko ndani, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kama nitaurudisha.