Damu ya Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Bado niko chumba cha uani. Talaka ni moja, shekhe kasema eda nikae humu humu Gongoni, nyumbani kwa mume wangu. Eda ikiwa haijaisha mimi bado mke — Adinani akitaka kunirudia, neno moja tu. Damu ya tatu ikiingia, basi tena. Mbili zimeshapita.

Asubuhi Najiat, mke mdogo, anacheka chumbani mwangu. Kitanda changu kile! Cha mninga, nilikichagua mwenyewe. Mwaka haujaisha tangu aolewe, tayari ana tumbo. Mimi maisha yote yale sikumzalia hata mmoja. Astaghfirullah. Namwomba Mungu aniondolee husuda hii. Namaliza dua, namsikia tena anacheka.

Jioni Adinani kasimama mlangoni pangu. Kauliza nimekula? Nikasema nimekula. Hajaondoka, kasimama tu. Yule kapaza sauti: "Baba kijacho, chai inapoa!"

Baba kijacho! Akaenda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Imeingia, baada ya Alfajiri. Sina tena mume. Nimefua kitambaa, nimekianika chini ya kanga. Nilitaka nimwambie yeye kwanza, akirudi kula.

Hakurudi. Kaanguka karakanani kwake Ng'ambo, anachomelea geti. Adhuhuri haijaadhiniwa, wameshamleta. Inna lillahi. Ee Adinani!

Ijumaa, 11 Oktoba

Wamemzika jana Alasiri. Leo Zuwena, dada wa marehemu, kaleta nguo nyeupe mbili. Moja ya Najiat, moja yangu.

"Wifi, eda yako haijaisha. Wewe mjane wa kaka yangu. Unakaa hapa, unarithi hapa." Kanikumbatia. Nimelia, nguo nimeipokea.

Najiat kaguna: "Mtu kaachwa, anarithi nini?"

Zuwena kamkemea: "Koma, we mtoto! Eda ya mwenzio unaihesabu wewe?"

Wengine wakaficha vicheko kwenye mitandio, msibani hivyo hivyo.

Shekhe kasema jambo hili halina shahidi ila mimi. Nitakalosema ndilo litashika. Atakuja kuniuliza akitoka msikitini. Nikisema ilishaingia kabla hajafa, natoka. Niende wapi? Kwa kaka Uwesu Mtendeni, nikabanane na wajukuu zake? Na yule avae nyeupe peke yake, apewe pole peke yake, abaki na kitanda, abaki na nyumba! Tofali za nyumba hii nimezibeba kwa kichwa changu.

Jana nilisingizia kichwa, sikuswali nao. Leo nitasingizia nini? Adhana hiyo. Zuwena kaniwekea birika la udhu mlangoni. "Wifi, tunakusubiri!"

Nisiposimama nao leo pia, watajumlisha na jana, watajua nina damu tangu jana. Nikisimama, na hali hii niliyo nayo — mbele ya Mungu! Ya Rabbi.

Najiat yupo nyuma ya pazia. Naona miguu yake. Kasema polepole: "Bi mkubwa, leo pia huswali?"

Nimejibu nakuja.