Bia ya Maboga Imetoka, Orrin

Kumbukumbu ya marehemu Orrin Pelkey

Shaa, shaa, shaa. Ndivyo jikoni kwetu palivyosikika kabla hakujapambazuka, kila msimu wa majani kupukutika, ukitikisa chujio chini ya bomba na kuwasha ile taa ndogo ya juu ya sinki peke yake ili mwanga usifike chumbani. Nilikuwa nageukia ukutani nikasinzia tena. Sikuwahi kuuliza unaosha nini. Nilijua tu kwamba umeamka, na kwamba ni siku ya kupika bia.

Mwaka umetimia sasa, mume wangu, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umeinama kufunga kamba za buti. Buti moja ilikuwa imefungwa, nyingine bado. Zipo palepale karibu na jiko la kuni. Mwanetu Roland alitaka kuzipeleka ghalani, nikamwambia aziache.

Uliendesha lori la mji la kusukuma theluji mpaka nywele zikawa nyeupe kama kazi yako. Madereva wengine hupita wakaacha tuta la theluji limeziba njia ya kila nyumba. Siku ya mazishi, Bi Hazeltine wa pale kwenye kona alinishika mkono akasema, "Miaka yote hiyo njia yangu ilikuwa wazi asubuhi. Mimi nilidhani upepo ndio unaonihurumia." Kumbe ulikuwa unasimamisha lori, unanyanyua koleo, unarudi nyuma kumsafishia, halafu unaondoka kabla hajafungua pazia. Hukuniambia hata mimi.

Na koti langu uliliweka kwenye kiti kando ya jiko kila asubuhi ya baridi, lipate joto kabla sijalivaa. Mwaka huu nimelivaa baridi. Unajua, Orrin, mtu anaweza kulililia hata joto la mikono ya koti.

Lakini watu wa barabara yetu wanakukumbuka zaidi kwa bia ya maboga.

Ulikuwa unachagua maboga sokoni kwa kuyagonga na kifundo cha kidole, umeinamisha sikio kama daktari. Hukutaka yale makubwa. Mjukuu wetu Corinne alipokuwa mdogo alikumbatia moja lililomzidi kimo, akasema, "Babu, hili ndilo." Ukamjibu, "Hilo la kuchonga macho na meno, mama. Ndani lina maji tu. Bia inataka haya mafupi yenye sura mbaya, kama ya Lucien." Jirani yetu Lucien alikuwa amesimama nyuma yako.

Ukiyafikisha nyumbani, uliyapasua, ukayapaka sharubati tamu tuliyogema kwenye miti yetu ya mepo, ukayaoka mpaka kingo ziungue kidogo. Mdalasini uliutia kwa ncha ya kisu. Nikisema ongeza, unasema, "Nataka bia, Verna. Sitaki keki." Kisha pipa lilikaa chini ya ngazi, tukisikiliza linavyobwabwaja, mpaka jalidi ya kwanza, ule umande ulioganda, ilale kwenye nyasi. Jumamosi ya jalidi ya kwanza ndiyo ilikuwa siku ya kuonja, na glasi ya kwanza ilikuwa ya Lucien Gagne wa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa wala kusema kitu mpaka Lucien aseme. Yeye anainua glasi kwenye jua, ananusa, anaonja, anakunja uso.

"Supu," anasema.

"Basi nirudishie," unasema.

"Sijasema sipendi supu."

Ndipo sote tunakunywa, na jibini inakatwa, na andazi la maji ya tofaa linapita mkono kwa mkono. Mlikuwa mnarudia maneno hayohayo tangu Roland yuko mgongoni kwangu, na kila mwaka mlicheka kama mnayasikia mara ya kwanza.

Baada ya kukuzika, Lucien hakuvuka barabara tena. Tulimwona asubuhi akichukua barua zake, anainua mkono, anarudi ndani. Nilimpelekea mkate mara moja, akaupokea mlangoni, akashukuru, akafunga. Corinne, aliyezoea kumwita babu wa pili, akamfuata.

"Babu Lucien, mbona huji?"

"Nije kufanya nini, mwanangu? Nikamtukane nani?"

"Tukipika bia je?"

Akamwinua paka wake miguuni. Halafu akasema, "Mkipika, nitakuja. Msipopika, niacheni na paka wangu."

Basi, Orrin, usidhani tulipika bia kwa ajili ya kiu. Tulipika kwa sababu mzee yule alikuwa anazimika polepole ng'ambo ya barabara, nasi hatukuwa na kamba nyingine ya kumvutia.

Roland alileta kimea, Corinne akagonga maboga sokoni na kifundo cha kidole, na wote walikuwa wamekutazama miaka mingi wakiamini wanajua kila kitu. Waliyaoka vizuri. Nyumba ikanukia wewe. Wakalowesha kimea na boga katika maji ya moto kwenye lile sufuria lako kubwa, wakasubiri, wakafungua bomba la chini ili maji matamu yatoke.

Halikutoka tone.

Roland akakoroga. Corinne akapuliza mpira wa bomba kwa mdomo mpaka mashavu yakamwuma. Nami nilikuwa kwenye kiti changu namenya matofaa, nikawa natazama uji mzito umekaa pale kama saruji.

"Mama, hii imekufa," Roland akasema. "Tumwage tu. Labda tungeliuza hili sufuria tokea mwanzo."

"Usimwage," Corinne akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Nimemwambia Babu Lucien tunapika."

Sijui kitu juu ya bia, wewe unajua. Nilichojua ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimelala macho tangu mapema na kuna kitu sikukisikia.

"Hamkuosha," nikasema.

"Hatukuosha nini, Bibi?"

"Kile alichokuwa anaosha babu yako kabla hakujakucha. Shaa, shaa, kama mtu anaosha mchele."

"Babu alikuwa anatia mchele?"

"Sijawahi kuuona mchele. Nasema nilisikia."

Roland akaacha kukoroga. Akaweka mwiko chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto unawaka mahali.

"Mama. Lile gunia lililokuwa nyuma ya mlango wa ghala. Makapi ya mpunga."

"Limefanyaje?"

"Niliwatandikia kuku. Wakati wa baridi. Nilidhani ni yao."

Corinne akakaa sakafuni akacheka mpaka akashika ubavu, na Roland naye, na mimi nikacheka na kisu mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza watu watatu kucheka pamoja katika jiko lile tangu uondoke. Kuku wako, Orrin, wamepitisha baridi nzima wamelalia siri ya bia yako.

Corinne akashuka mjini na gari, akarudi na gunia jipya. Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba boga huganda, na makapi huyaachia maji nafasi ya kupita. Roland akanyoosha mkono kulichukua. Nikamwambia, hapana, nipe mimi.

Nikasimama pale ulipokuwa ukisimama. Nikamimina makapi kwenye chujio lako, nikafungua bomba, nikatikisa. Shaa, shaa, shaa. Sikujua kwamba mikono yangu ingeweza kuitoa sauti ile. Nilitikisa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyenihimiza.

Wakayachanganya, wakafungua tena bomba la chini. Kwanza likatoka povu, kisha uzi mwembamba, kisha maji ya rangi ya chai ya asubuhi, yanashuka yenyewe.

Jalidi ilikuja wiki iliyopita. Jumamosi tulitoa meza barazani, chini ya mepo ambao sasa umebakiza majani machache mekundu kileleni, tukamimina glasi ya kwanza, tukaiweka peke yake. Tukangoja. Mlango wa ng'ambo ulikuwa umefungwa. Corinne alikuwa anaufuta mkono wake kwenye aproni wakati hauna kitu.

Halafu tukamwona anavuka, amevaa ile kofia uliyomwambia inafaa kumfukuzia kunguru.

Hakusalimu. Aliinua glasi kwenye jua. Alinusa. Alionja, akakunja uso, akaonja tena, na sisi sote kimya kama ulivyotufundisha.

"Hii si supu," akasema.

Corinne akashusha macho.

"Ya Orrin ilikuwa supu. Hii ni bia. Mtu yule amenidanganya miaka yote." Akanyoosha glasi. "Shemeji, niongezee, nihakikishe."

Alikaa mpaka jua likaingia nyuma ya kilima. Alikutaja bila kuogopa jina lako. Alikutukana sana, Orrin, na kila tusi lilikuwa na upendo ndani yake.

Unakumbukwa na mimi mkeo Verna, niliyeshika kalamu. Mwanao Roland, ambaye sasa amewanunulia kuku nyasi zao. Mjukuu wako Corinne, mpishi mpya wa bia. Bi Hazeltine wa kwenye kona, na barabara nzima uliyoisafisha. Kila jalidi itakapolala, jina lako litakuwa mezani petu, na glasi moja itasubiri. Hatutakusahau maadamu tupo.

Na Lucien ameomba neno lake liwe la mwisho. Alilisema akiwa tayari katikati ya barabara, amegeuka, kofia mkononi:

"Shemeji, nanyi njooni kwangu. Msingoje maboga yaive tena. Njooni Alhamisi, nitawasha jiko."